Sauti ya Adui Nyuma ya Pazia

Kwa karibu miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa nikitishia kuimaliza dunia, kila siku ya soko, kuanzia saa nane mchana, pale Ibighi, karibu na Tukuyu. Nilifanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kitenge kiunoni na maiki mkononi. Wanaume hamsini, sitini, walinisikiliza wametoa macho. Wengine waliogopa kweli, nawajua, lakini mwoga kuliko wote mle ndani nilikuwa mimi.

Mume wangu alipunguzwa kazi kwenye ghala la ushirika, miaka ile ambayo kila ukoo ulikuwa na mtu wake aliyepunguzwa kazi mahali fulani. Wenzake waliingia kwenye mitumba, wengine wakanunua mashine za kusaga. Yeye alikwenda Mbeya akarudi na runinga, deki, jenereta na boksi la kanda za filamu kuukuu, za zamani kiasi kwamba nyuso za watu zilikuwa zimegeuka rangi ya nyanya. Alipanga chumba kilichokuwa stoo ya kahawa, akaziba madirisha kwa magunia, akapanga mabenchi. Tukawa na banda la video.

Filamu za ngumi hazikuhitaji msaada wa mtu. Ngumi haina lugha. Lakini nusu ya boksi lile ilikuwa filamu za namna nyingine kabisa, za mtu mwovu mmoja anayetaka kuitawala dunia nzima. Ukiona moja umeziona zote. Adui ana pango lake ndani ya mlima au chini ya bahari, ana ramani kubwa ukutani, ana vijana wa kazi waliovaa sare, na ana mtambo. Hafoki. Anaongea taratibu kama mhasibu. Na anaongea sana! Kabla hajakuua atakueleza mpango wake wote, mwanzo hadi mwisho, na kama hujui Kiingereza utabaki unatazama midomo inavyocheza. Ndiyo maana alihitajika mtafsiri. Kijana aliyekuwa akitafsiri alikimbilia Dar es Salaam kutafuta maisha, na mume wangu akanigeukia mimi.

"Si ulifika kidato cha nne wewe?" aliniambia. "Hicho Kiingereza unamtunzia nani?"

Nilikubali kwa sharti moja, nikae nyuma ya pazia. Kona moja ya stoo, karibu kabisa na runinga, ilifungwa kitambaa. Niliona kioo kwa upande, na hakuna aliyeniona mimi. Watu walidhani ni haya ya mwanamke kuongea mbele ya wanaume. Haya nilikuwa nayo kidogo tu. Nilichokiogopa ni ukoo wa mume wangu.

Kwetu mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, hamtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye migomba, unajitanda khanga na kumpa mgongo mpaka apite. Wazee huiita adabu hiyo ukutila, maana yake kuogopa, na kwangu ilikuwa hivyo hasa. Miaka minne ya ndoa sikuwa nimeiona sura ya mzee yule. Alikaa kijijini Kinyala, na alipokuja kwetu kumtembelea mwanawe alikohoa mara tatu akiwa bado mbali, ili nipate muda wa kutokea mlango wa nyuma. Kikohozi chake nilikijua kuliko sauti ya baba yangu mzazi. Mikungu ya ndizi aliyotuletea nilikuwa naikuta sebuleni akiwa ameshaondoka.

Wanasema mwanamke anayevunja mwiko huo tumbo lake halishiki. Mimi nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili bila kuvunja chochote. Sasa nilikuwa na ya tatu, ina miezi sita, na mtoto alikuwa akicheza. Niliitunza mimba ile kama yai. Nilikanyaga ardhi taratibu.

Niseme ukweli, ile kazi niliipenda. Nyumbani nilikuwa mtu wa kujibanza nyuma ya milango, lakini nikishika maiki nilikuwa na pango, ramani na mtambo. Nilijifunza kuongea kama adui, polepole, kwa dharau, na wakati mwingine nilimwongezea maneno ambayo hakuwa ameyasema. Miaka ile wakulima wa chai na kahawa walikuwa wakisikia habari za kiwanda kuuzwa na bei kupangwa na watu wasiowahi kuonekana, kwa hiyo mtu aliyekaa mbali na kuamua mambo ya wote hakuwa mgeni kwao. Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kujikaza.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya masika, na mvua ya Tukuyu unaijua, ikianza imeanza. Filamu ilikuwa ya adui mwenye glavu nyeusi aliyetengeneza mtambo wa kuzuia mvua. Alitaka wakubwa wote wa dunia waje wampigie magoti, la sivyo hatadondosha hata tone. Wakati mabati yetu yanapigwa na mvua kama ngoma, mle ndani watu walikuwa wanaomba mvua inyeshe.

Mume wangu alitoka kwenda kutafuta petroli ya jenereta. Mlangoni alimwacha rafiki yake. Yaliyotokea hapo niliyajua baadaye. Baba mkwe wangu alikuwa ametoka kutibiwa macho kwenye hospitali ya misheni kule Igogwe, mvua ikamkamata, akaja kumtafuta mwanawe pale bandani. Alikohoa mlangoni mara tatu, kama ilivyo adabu yake, ingawa aliamini mkwe wake yuko nyumbani anapika. Jenereta na mabati vilikimeza kikohozi chake. Yule rafiki hakumjua, ila aliona ni mzee mwenye fimbo, amelowa. Akamheshimu kwa kumpa nafasi benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwenye pazia langu.

Nami nilikuwa nimepamba moto. Kwenye kioo, rais mmoja mzee alikuwa ameletwa pangoni, amefungwa kamba. Nikasema kwa sauti ya adui: "Wewe mzee, unajiona nani? Ndevu hizo ni za mbuzi tu. Piga magoti, mbwa wewe! Kuanzia leo utakunywa maji nikitaka mimi." Ndevu za mbuzi niliziongeza mwenyewe. Watu wakaangua kicheko.

Kicheko kilipopungua nikasikia mtu anauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha wazee wetu: "Uyu mwanamke anayesema ni nani?"

"Mke wa mwenye banda," akajibiwa.

Kisha nikasikia kikohozi. Kimoja, cha pili, cha tatu.

Maiki ikanitoka ikaangukia mapajani na spika ikapiga mluzi. Mlango ulikuwa mmoja tu, na kuufikia ilikuwa lazima nitoke nje ya pazia na kupita mbele ya magoti yake. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nilijitanda kitenge kichwani, nikaugeukia ukuta ule, nikashika tumbo kwa mikono miwili.

Watu hawakujua kitu. Adui alikuwa bado anaongea na hakuna aliyemwelewa, wakaanza kupiga kelele. "Dada, kasemaje huyo?" "Tafsiri bwana, tumelipa!" Mmoja alipiga miluzi. Nilijua akikaa pale nami nikikaa pale, kila dakika inaongeza kosa, na sikuwa na namna ya kutoka.

Mzee aliijua hali hiyo kabla yangu. Nikasikia benchi linalia, kisha fimbo kwenye sakafu. Alipita mbele ya runinga, na wale vijana, Mungu awasamehe, wakamzomea: "Mzee, kaa chini! Unatuzibia!" Mzee wa kanisa, mtu ambaye Kinyala nzima husimama akipita, alizomewa kwa sababu yangu. Akatoka kwenye mvua ileile iliyomleta.

Tangu siku hiyo sikushika tena maiki.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Akasema, "Hakukuona. Kama hakukuona, kosa liko wapi?"

"Amenisikia nikimwita mbwa," nilimwambia.

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Yeye alikuwa mtu wa mjini, anajua kucheka mambo ya wazee, lakini mimba mbili za kwanza alizizika yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Wiki ile mtoto alipunguza kucheza. Huenda alikuwa amelala tu, huenda ni mimi niliyekuwa nimekaza mwili mno hata nisimsikie. Nilikuwa nakaa jikoni nikimenya ndizi, naweka kisu chini, nahesabu. Akicheza mara moja napumua. Akikaa asubuhi nzima bila kucheza naanza kulia. Kumwambia mchungaji niliona aibu, angesema nina imani haba. Kumwambia mama mkwe niliogopa zaidi.

Na baba mkwe hakuja tena. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, hakuna kikohozi, hakuna mkungu wa ndizi sebuleni. Nilikuwa nimezoea kumkimbia mzee yule, sasa nilikaa natega sikio nikiomba aje ili nipate kumkimbia. Nilijua amekasirika. Kwetu mzee akikasirika hana haja ya kusema neno. Kinyongo chake peke yake kinatosha kuugusa mwili wa mtu. Nilimwona usingizini amevaa glavu.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati, wiki tatu kabla. Tulikwenda Igogwe kwa gari la kuazima, na mama mkwe akapandia njiani. Nilipomwona tu nikajua siwezi kuingia kuzaa na mzigo ule. Tulikuwa kwenye kibaraza, uchungu umeniachia kidogo. Nikamshika mkono, nikamwambia yote: pazia, maiki, mbwa, ndevu za mbuzi. Nikamwomba aende kwa baba aniombee msamaha, hata kama mtoto ameshakufa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tunajua, mwanangu. Alinieleza siku ileile, maji yakimchuruzika."

"Alisemaje?"

"Alisema kosa ni lake. Yeye ndiye aliyeingia mahali ulipo. Kesho yake akapeleka jogoo kwa wazee wa ukoo, wakamfanyia wanayoyajua wao ya kuondoa mwiko. Mzee wa kanisa, fikiria! Ingefika kwa mchungaji angezuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Na akaapa hakanyagi kwenu mpaka ujifungue, asije akakutana nawe kwa bahati mbaya akaiharibu mimba kabisa."

Nilikuwa nalia. Yeye akaendelea, kwa ile sauti yake ya kuhesabu vitu vya nyumbani.

"Kila Jumapili amekuwa akinituma nije kusali kanisani kwenu. Nakaa nyuma kabisa usinione. Kazi yangu ni kutazama tumbo. Nikirudi Kinyala, hata viatu sijavua, ananiuliza: bado lipo?"

Miezi yote ile nilidhani ni mimi peke yangu ninayehesabu.

Uchungu ukarudi, wakanichukua. Yaliyofuata siwezi kuyaandika vizuri, wanawake wanayajua na wanaume hawataamini. Nilichohitaji kusikia nilikisikia jua likiwa limeshapanda: sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtoto wa kike mzima.

Mchana mama mkwe aliingia wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akasema baba yuko nje, ng'ambo ya uzio, kwenye migomba. Ametembea kwa miguu tangu alfajiri. Ameambiwa mtoto ni mzima, amevua kofia na kuishika muda mrefu. Sasa ana swali, na amelirudia mara mbili ili lisipotee njiani.

"Swali gani?" niliuliza.

"Anasema siku ile alitoka filamu haijaisha. Anauliza, yule mwenye glavu alikufa? Na mvua, ilirudi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeutazama ukuta mpaka picha ilipokwisha, na kanda yenyewe mume wangu alikuwa ameshaiuza. Nilimtazama mwanangu, amelala kifuani kwangu, ananyonya kama mtu mwenye haraka.

"Mwambie alikufa, mama," nilisema. "Mwambie mvua ilinyesha."

Akaondoka kwenda kumwambia. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumpelekea baba mkwe wangu kwa sauti yangu mwenyewe, na sikuwa na hakika nayo hata kidogo.