Doa na Kuku wa Shingoni

Nianze na ujinga wangu, kabla hajatokea mtu wa kijijini kwetu akawasimulia kwa kunichongea. Mbwa wetu, Doa, nilimtoa zizini jioni tatu mfululizo kinyume na agizo la mama, akiwa na kuku aliyeoza shingoni, nikamfunga kwenye mti wa mgunga nje ya ua, kisha nikaenda kulala kama askofu.

Jambo hili limenirudia wiki iliyopita hapa shuleni. Nilikuwa nafagia uwanja wa paredi (ni adhabu, msiulize ya nini) nikakuta nyayo za mbwa vumbini, zimenyooka kuelekea jikoni. Wenzangu wakazifagia. Mimi nikazizunguka, na nikakaa kimya hadi wakaniuliza kama naumwa, maana kimya na mimi hatufahamiani.

Wakati wa Doa nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa mimi na mama upande wa Zuzu, Dodoma, mbali kidogo na reli, kwenye nyumba ya tope iliyoegemeana na zizi la mbuzi. Kitanda changu na mbuzi vilitenganishwa na ukuta mmoja. Doa alikuwa mwekundu kama udongo wa kwetu, na doa jeusi jichoni. Alianza kwa kuua panya, tukamsifu. Akahamia kwa mijusi, tukacheka. Siku moja akaleta kanga wa porini, mama akampika, na Doa akapewa mifupa kwa heshima zote. Kwa hiyo alipomla kuku wetu, nadhani alishangaa kuona hakuna anayempongeza.

Kuku wa pili hakuwa wetu. Jirani yetu, Mzee Chidawali, alikuja asubuhi amemshika kwa miguu, kichwa kinaning'inia.

"Mbukwa, Mama Nyemo," alisalimu kwa Kigogo. Nyemo ni mimi. "Mbwa wako amehamia kwangu kwa chakula. Mwambie aje na godoro kabisa."

Mama aliomba radhi, akaahidi kumpa tetea wetu. Mzee alikubali, ila hakuondoka. Alimtazama Doa, Doa akamtikisia mkia kama mtu anayemkumbuka mpishi mzuri.

"Huyu kuku mfungeni shingoni mwake," alisema. "Akae naye mpaka adondoke mwenyewe kwa kuoza. Mbwa akishalala na harufu ile, hagusi unyoya tena. Lakini nakwambia mapema, mama. Akimgusa wa tatu, nitakuja na rungu, na sitapiga hodi."

Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya mnada. Nilijua atafanya, mbwa wa wenzetu ng'ambo ya korongo alikwisha kwa rungu hilohilo.

Mama alimfunga Doa yule kuku kwa kamba ya katani, akanikabidhi kazi. "Mchana akae hapa uani. Jua likizama, zizini, na mlango unauwekea gogo." Hakusema kwa nini. Kwetu mama akishataja jua, maelezo yamekwisha.

Ninyi hamjalala na ukuta mmoja kati yenu na kuku wa siku mbili kwenye joto la Dodoma. Harufu ile ilikuwa nene, tamutamu, inakaa kooni kama uji uliochacha. Mbuzi walikohoa. Usiku mmoja nilivumilia. Kesho yake, jioni ya kwanza ya ujinga wangu, nilimwingiza Doa mama akiona, na mama alipoinama kuchochea moto nikamtoa kwa upande wa pili, hadi kwenye mgunga. Kuku alikuwa amelegea, nikamshika na kumkaza vizuri, dawa isianguke. Alfajiri, kabla mama hajafungua mlango, nilimrudisha.

Asubuhi hiyo niliona nyayo kwenye njia itokayo korongoni. Zilifanana na za mbwa, ila za mbele zilikuwa kubwa kuliko za nyuma. Nikasema, haya, Doa amepata rafiki.

Asubuhi ya pili nyayo ziliuzunguka mgunga. Nikawatangazia wenzangu darasani kwamba mbwa wetu sasa ana wageni wengi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Wakacheka sana. Na kulikuwa na jambo jingine la kunifurahisha: Doa alikuwa amebadilika. Nilipomfikia hakuinuka. Alilala kifudifudi, amejikojolea, anatetemeka, na nilipofungua kamba alitambaa akaja kukaa juu ya miguu yangu. Mchana ule kuku walipita mbele ya pua yake, wakadonoa hata ugali wake, naye hakuwatazama. Macho yake yalikuwa korongoni.

"Mama, dawa imefanya kazi," nilisema. "Ametubu."

Mama alimtazama Doa. "Mbona habweki?" aliuliza.

"Anaona aibu," nikajibu. Nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Jioni ya tatu Doa alikataa kutoka zizini. Alikaza miguu minne, nikamvuta kwa kamba, kucha zake zikachora mistari ardhini. Sikuelewa kwamba ananisihi. Nilidhani ni ukaidi, nikamwambia, vumilia, kesho kuku anaanguka na wewe unapona rungu.

Alfajiri nilikuta kipande cha kamba mgungani, manyoya ya kuku, na mburuzo mpana ulioshuka korongoni. Nilipiga yowe. Mama alikuja mbio, na Mzee Chidawali nyuma yake, mikono mitupu.

"Fisi," alisema mzee. "Wawili." Akavua kofia yake, kwa ajili ya mbwa ambaye yeye mwenyewe alitaka kumuua.

Nilisubiri fimbo. Niliungama yote, ya zizi na ya mgunga na ya wageni. Mama hakunisikiliza. Alikuwa anafuata nyayo, zile ambazo hazikurudi korongoni moja kwa moja. Zilipita ua, zikaja hadi ukuta wa nje ulio upande wa kitanda changu, zikasimama pale, zikageuka. Kisha zikafuata njia ile niliyokuwa naipita kila alfajiri, peke yangu, gizani, kwenda kumfungua Doa.

Mama alirudi akanishika viganja, akavipeleka puani mwake. Neno alilosema nilidhani ni agizo la kwenda kunawa, na kweli nilinawa, kwa majivu na sabuni, huku nikinung'unika moyoni kwamba mbwa amekufa na mtu anawaza usafi. Imenichukua miaka kulisikia vizuri, na kujua kwa nini usiku uliofuata, na mwingine mwingi baada yake, alilala kitandani kwangu upande wa ukuta. Hakupandisha sauti. Alisema tu:

"Mikono yako inanuka kama shingo yake."