Hesabu ya Nne Iliyonipeleka Mpala

Niliondoka Kalemie kwa sababu ya namba nne. Teze yangu ya udaktari, kazi ya miaka sita, inahusu njia ya theta, ambayo ni kama kivuko kati ya pande mbili za hesabu. Upande mmoja unauliza: namba fulani inaweza kupatikana kwa njia ngapi ukijumlisha miraba, yaani namba zilizozidishwa kwa zenyewe? Upande wa pili kuna fomu otomofi, fonksio, yaani kanuni za kugeuza namba kuwa namba nyingine, zenye ulinganifu mkubwa ajabu. Ukivuka vizuri, swali gumu la huku linapata jibu kule.

Fomula yangu ilikuwa pana, lakini katika hali ndogo kabisa ilipaswa kurudisha jibu ambalo watu wanalijua tangu zamani. Nikaijaribu kwa miraba minne. Kwa moja, mbili na tatu ilikubali. Kwa nne ikasema njia hamsini na sita. Nikahesabu kwa mkono: ishirini na nne. Nikarudia mara tatu. Ishirini na nne.

Kosa lilikuwa katika sura ya tatu, na sura hiyo ilisimama juu ya hoja ya Faustin. Tulisoma pamoja Lubumbashi. Baba yake alipofariki, aliacha masomo akarudi Mpala, kando ya ziwa, kufundisha sekondari. Mimi niliendelea, na miaka minne iliyopita nikaitumia hoja yake bila kumwomba ruhusa. Simu yake haikupatikana. Teze ilitakiwa kwa promoteri wangu, profesa anayenisimamia, baada ya siku kumi.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda boti ya mbao yenye motere, nikakaa juu ya magunia ya unga. Ziwa lilikuwa limetulia. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliniona nimekumbatia mfuko wenye karatasi za teze.

"Mama, unapelekea mugonjwa barua za hospitali?"

"Hapana, Mama. Naenda kuuliza hesabu."

Alinitazama kwa huruma, akanipa kipande cha muhogo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Faustin, na kila nilipoyapanga yalisikika kama ya mwizi.

Mpala tulifika jua limeshaanza kushuka. Mke wa Faustin, Mama Agnès, alinipokea mlangoni kana kwamba nilikuwa natarajiwa. "Karibu, Mama Solange. Papa Faustin iko kwa masomo, anasahihisha. Kunywa maji kwanza."

Nilimkuta darasani peke yake, vidole vyeupe kwa chaki. Alikuwa amenenepa kidogo. Alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Solange! Njo weye kweli?"

"Njo miye. Faustin, sura yangu imevunjika, na niliijenga juu ya kazi yako. Sikukuuliza."

Alinyoosha mkono kuomba karatasi, akasoma amesimama. Kisha akaandika ubaoni: mbili mara mbili, pamoja na sifuri tatu. "Nafasi ine, alama mbili, chanya na hasi: nane. Halafu moja, moja, moja, moja: kumi na sita. Ishirini na nne. Unasema kweli. Fomula njo inadanganya."

Tulikwenda kwake, akatoa kaye, daftari lake la zamani lililoliwa na mende pembeni. Alifunua taratibu, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, mwandiko wake wa ujana. *Kwa kila namba tasa isipokuwa mbili.*

Nikaangalia teze yangu. *Kwa kila namba tasa.* Maneno mawili nilikuwa nimeyaangusha wakati wa kunakili. Nilikaa chini kwenye sakafu, nikacheka na kulia pamoja, na Mama Agnès akaja mbio akidhani nimefiwa.

Jumanne na Jumatano, baada ya masomo yake, tulishughulikia darasani namba mbili peke yake. Ina tabia zake. Hoja ya namba nyingine haiishiki. Jumatano saa kumi jioni fomula mpya iliacha kujumlisha vigawanyo vya namba ambavyo vinagawanyika kwa nne, na ile nne ikatoa ishirini na nne. Faustin hakuridhika. "Jaribu kumi na mbili." Fomula ikasema tisini na sita. Akahesabu ubaoni: tatu moja na moja tatu: sitini na nne; mbili tatu na sifuri moja: thelathini na mbili. Akaweka chaki chini.

"Imesimama," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Lile la kuuliza, promoteri aliniandikia zamani kuniomba ruhusa. Nilimujibu, Solange atumie. Lakini ungeniuliza weye mwenyewe, ningefurahi zaidi."

"Nisamehe."

"Nilishasamehe. Nilikuwa nangoja tu uje."

Alhamisi nilirudi Kalemie. Upepo ulivuma, maji yakaturukia, na mimi nilisinzia juu ya magunia kama mtoto aliyeshiba. Ijumaa nilituma sura ya tatu ikiwa na majina mawili juu yake, la Faustin likitangulia.

Miaka minne nilikuwa nimemkwepa mtu ambaye hakuwa na kinyongo nami. Ningepanda boti ile mapema, ningefika na zawadi ya watoto wake na kukaa wiki nzima. Sasa nikitumia wazo la mtu, namtafuta kwanza, hata kama anakaa mahali ambapo simu haishiki.