Nyumba Iliyopisha Jiwe

Nikisikia harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji, ile ya majivu na udongo inayokwaruza puani, narudi Kagerankanda, kwenye kiwanja chetu cha mteremkoni, siku ambayo mama alizima moto wa baba mbele ya mafundi.

Baba alikuwa Muha wa hapohapo Kasulu, mkulima wa maharage, mtu wa maneno machache na aibu nyingi. Mama alitoka Burundi akiwa msichana mdogo, akakulia kambini Mtabila mpaka baba alipomuoa. Tuliishi kwa bibi, mama yake baba. Sasa tulikuwa tunajenga kwetu, na katikati ya kiwanja palikuwa na jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala.

Fundi Zabroni alitaka mteremko uchimbwe uwe sawa, jiwe lipasuliwe, nyumba ikae mraba kama za wenzetu. Mama alitaka vingine. Alichora mavumbini kwa kijiti: vyumba vishuke na mlima ngazi kwa ngazi, jiko juu, sebule chini, ukuta upinde kulifuata jiwe. Bibi aliutazama mchoro ule akauliza, "Hii ni nyumba au mtu mwenye kichomi?" Tulicheka wote, mama naye, lakini mchoro hakuufuta.

Siku ya gulio, mama alipokwenda kuuza maharage, baba akakubaliana na fundi. Wakapanga kuni juu ya jiwe, wakawasha. Jiwe likishapata moto sawasawa humwagiwa maji ya baridi, nalo hupasuka. Mimi nilitumwa kuchota maji. Msinicheke, nilikwenda mbio kwa furaha, maana nilitaka kulisikia likilia.

Mama aliuona moshi toka barabarani. Alifika akihema, khanga imemwanguka begani. Hakupiga kelele. Alishika gongo akaanza kuzisukuma kuni chini, cheche zikimrukia miguuni.

"Mama Editha, utaungua!" baba akasema.

"Oya." Hapana yake ya Kirundi kwa kawaida ilikuwa ya upole, siku ile haikuwa. "Nyumba tutaijenga mimi na wewe, Baba Editha. Hili tumelikuta. Tulizunguke."

"Watu watatucheka."

"Wacheke. Wakichoka watakuja kukaa."

Akanipokonya ndoo, akamwagia makaa yaliyobaki. Jiwe lilitoa mvuke na ufa mwembamba kama unywele, basi. Nilimtazama baba kwa woga. Kisha akaichukua kamba mkononi mwa fundi, akainama, akaanza kupima mzunguko wa jiwe.

Watu walicheka kweli. Halafu wakaja kukaa. Nusu ya jiwe ilikuwa ndani ya sebule, chini ya dirisha lililopokea jua la mchana, na baridi ya Juni ilipoteremka milimani lilibaki na joto mpaka tunakwenda kulala. Bibi aliliegemeza mgongo, na kumrudisha kwake ikawa kazi. Mvua za masika zilipita pembeni ya nyumba kwenye mfereji wao, hazikutugusa.

Mwaka jana nilimpeleka mama Mtabila. Kambi ilifungwa zamani, watu wakarudi kwao. Alitaka kunionyesha nyumba yao ilipokuwa. Zote zilipangwa kwa kamba, akasema, mstari kwa mstari, zikifanana kama maharage. Sasa palikuwa vichaka vitupu. Alisimama mahali akasema, "Ni hapa." Akasogea. "Au pale." Alizunguka sana, mkono umekinga jua.

"Mama yangu alifia humo," akasema. "Na sipaoni."

Nilimshika mkono. Miaka yote nilidhani mama alikuwa mbishi tu, au alipenda nyumba ya ajabu. Kumbe alitaka siku moja, hata mabati yakiwa yameng'olewa na kuta zimelala, mwanaye aweze kusimama pale mteremkoni kando ya jiwe na kusema mara moja tu, bila kusogea: ni hapa.