Nilicheka picha ya ungo Mutrah, kumbe aliyeichora yuko nyuma yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sitakiongezea chumvi, maana kilivyo tu kinaniaibisha vya kutosha.

Mimi ni mwanamke wa Nzega. Niko Muscat mwaka wa tatu, nafungasha biskuti kwenye kiwanda kimoja kule Rusayl. Ijumaa ndiyo off yangu. Ijumaa nyingi nafua, nalala, naongea na wanangu kwa video, basi.

Rafiki yangu Akinyi, Mkenya, msusi hapa Ruwi, akasema haiwezekani tukae nchi ya watu tuishie kujua kiwanda na saluni. Alasiri tukapanda basi mpaka Mutrah, mtaa wa kale wa pwani hapahapa Muscat.

Jamani, kule kuzuri! Bahari huku, milima kule, mikavu haina hata jani, na nyumba nyeupe zimejibana katikati. Akinyi alipiga selfie mpaka simu ikapata moto. Nilijiona mjinga, miaka yote hiyo sijawahi kufika.

Nyuma ya soko tukakuta nyumba ya kizamani, mlangoni wameandika maonyesho ya picha, kuingia bure. Bure, halafu kuna AC. Tukaingia.

Ndani ni ngome, ngamia, milango ya nakshi. Nzuri, siwezi kusema uongo.

Halafu ikaja picha moja kubwa. Mwanamke wa Kiafrika kavaa khanga, kashika ungo wa mchele. Usoni hakuna kitu, kivuli tu. Na ungo wenyewe kauweka juu ya kiganja kimoja!

Nikacheka. Tena kwa sauti.

"Mwone huyu! Anapepeta au anawapelekea wageni haluwa? Aliyechora hajashika ungo maisha yake."

"Hiyo ni tray ya chai, bana," Akinyi akadakia.

Mnaoishi huku mshajua kilichofuata. Siku ya kwanza tu tunaonywa: wazee wengi wa hapa wamezaliwa kwetu, Kiswahili wanakiongea majumbani mwao. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana. Mdomo wangu ndio haukujua.

Sauti ikatoka nyuma yetu.

"Basi unashikwaje, mwanangu?"

Bibi wa Kiomani, abaya nyeusi, miwani, vidole vina rangi. Neno pekee lililonitoka ni shikamoo.

"Marahaba. Mimi ndo nliyechora. Sema, nnakusikiliza."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Akasema yule kwenye picha ni mama yake. Baba alipowaleta watoto Oman, mama alibaki Tabora. Yeye alikuwa na miaka sita. Hawakuonana tena, na picha yake ya kamera hakuna hata moja.

"Uso nimeujaribu miaka, haunijii. Nkasema basi, ntachora mikono. Mikono nnaikumbuka."

Akaitazama ile picha.

"Kumbe hata mikono nshaisahau."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mtu amebakiwa na mikono tu ya mama yake, na mimi nimesimama pale naicheka.

Nikamwomba anisubiri kidogo. Tukatoka mbio na Akinyi kuingia sokoni. Tukapita maduka ya ubani, tukapita mashali, mwenye duka mmoja anang'ang'ania kutuuzia chetezo. Mwisho tukapata sinia la ukindu, kubwa kama ungo. Mchele tukanunua duka la pembeni, basmati, mweupe peee.

Tukarudi. Nikavua saa, nikashika sinia huku na huku kwa mikono yote miwili, nikaanza kupepeta pale katikati ya maonyesho. Shwaa, shwaa. Watu wakasogea kutazama. Sikujali.

Mchele wa dukani hauna pumba, lakini mimi nimelelewa na ungo. Bila kufikiria, nikainama nikapuliza.

Bibi akanishika mkono.

"Rudia."

Nikapepeta tena, nikapuliza.

"Alikuwa akipuliza," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Pumba zilikuwa zinanrukia usoni, mie nakaa mbele yake makusudi. Nkicheka, naye anacheka, anashindwa kupuliza."

Akatafuta kiti akakaa. Akinyi akageukia ukutani akijifanya anatazama ngamia, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Tulimwachia namba zetu, na baada ya mwezi hivi Bibi alitupigia simu, tukaenda tena.

Picha ni ileile, khanga ileile. Mikono sasa ni miwili, imeshika ungo kama inavyotakiwa. Macho na pua bado ni kivuli. Ila chini ya kivuli kuna mdomo, umebinuka kupuliza, na pembeni umeanza kucheka.

"Haya, cheka sasa," akaniambia.

Sikuweza. Nililia kama mtoto, naye akanipangusa kwa ncha ya shali yake.

Nilichojifunza: Muscat usimseme mtu kwa Kiswahili, utaumbuka. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kitu unachokiona kimekosewa, pengine ndicho chote mwenzio alichobakiza.

Sasa zamu yenu. Mama yako alikuwa anashikaje ungo? Alikuwa anaimba, anagomba, anapuliza? Andikeni hapo chini, msifupishe. Bibi nimemfungulia uzi huu kwenye simu yake, na anasoma kila jibu.