Niliishusha Celica ya mzee wangu, na nnajuta mpaka leo

Wakuu, salaam kwenu nyote, hasa nyie wenzangu wa magari ya Kijapani.

Hili limenikuta mwenyewe. Sikuongeza kitu, ningeweza ningepunguza.

Wa siku nyingi humu mnaikumbuka ile Celica nyeupe ya Kiembe Samaki. Nilipandisha picha, mkanisifia mpaka nikavimba kichwa. "Clean build mkuu!"

Na kweli sikuijaza makorokoro. Hakuna bawa kubwa nyuma, hakuna stika za moto. Niliishusha chini kwa springi fupi, nikatia rimu za rangi ya shaba, usukani mdogo, na bucket seat mbili nyeusi mbele, vile viti vya mbio vya chini vyenye kingo za kubana mbavu. Basi.

Nisichowaambia ni kwamba gari ilikuwa ya baba yangu.

Mzee alikuwa baharia. Aliinunua mwenyewe Japani, ikaja na meli aliyokuwa akifanyia kazi. Magoti yalipomshinda kukanyaga klachi, akanipa ufunguo na sharti moja tu.

"Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi unipeleke Bwejuu kwa dada yangu."

Shangazi Mize ndiye nduguye pekee aliyebaki. Wakikaa barazani wale wawili husikii ila vicheko, mambo ya utoto wao wanayajua wenyewe.

Nilimpeleka miaka miwili bila kukosa. Kisha ndiyo nikaishusha.

Safari ya kwanza baada ya hapo, kila tuta gari inakwaruza chini, mzee kashikilia mlango kwa mikono miwili. Tulipofika, hakuweza kutoka. Kiti kiko chini, pembeni kimembana. Wakaja vijana wawili wa jirani, wakamshika makwapani wakamvuta. Kofia ikaangukia mchangani. Watoto wakacheka.

Na mimi nikacheka, wakuu.

Nikamwambia, "Mzee, hii sasa sports car, si gari ya wazee!" Naye akacheka.

Mwezi uliofuata akasema, "Leo mwili mzito mwanangu, nenda zako." Uliofuata, mafua. Baadaye akawa ananiambia hata kabla sijamuuliza.

Na nikiri hapa: nilifurahi. Jumamosi zangu zikawa huru, nikawa naipeleka Uroa kupiga picha na washkaji.

Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, mbona kaka yangu humleti? Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea shangazi. Mzee siku hizi anachoka tu."

"Basi mwambie mie nnamngoja."

Sikumwambia. Nilisahau.

Mwezi wa tano tangu safari ile, asubuhi, simu ikaja. Shangazi Mize amefariki.

Nikaitoa gari mbio, nikamfungulia mzee mlango. Akasimama. Akakitazama kile kiti, kisha akatazama pembeni.

"Niitie teksi," akasema. Hata hasira hakuwa nayo.

Nikaifuata ile teksi nyuma mpaka Bwejuu, peke yangu ndani ya gari yake.

Baada ya maziko, dada yangu Maryam akanivuta kando. "Kwani weye hukujua? Baba hakuwa na mafua wala uchovu. Aliona haya kuvutwa kama gunia mbele za watu. Kila mwezi, siku ikifika, anavaa kanzu yake, anakaa kitandani weee, mwisho anaivua."



Arubaini haijafika nikamuuliza mwenyewe. "Baba, kwa nini hukunambia?"

"Nilikuona ulivyoipenda. Nikasema ngoja magoti yapate nafuu, nitakwenda. Sikujua kama Mize ataondoka."

Wiki ileile nikaipeleka gari kwa fundi, akarudisha springi za mwanzo na viti vyake vya kitambaa. Nikamwita mzee ajaribu. Akaingia vizuri kabisa, akakaa, akapitisha mkono juu ya dashibodi.

Nikamuuliza nimpeleke wapi.

"Sina pa kwenda," akasema.

Akafungua mlango, akatoka mwenyewe bila kushikwa na mtu.

Najua wapo watakaoniambia kifo ni kazi ya Mungu, nisijilaumu. Kifo ni cha Mungu, sawa. Ile miezi mitano ni yangu.

Sikatazi mtu kupendezesha gari yake, na mimi bado nayapenda haya mambo. Ila kabla hujamwambia fundi aishushe, mkalishe ndani yule unayempakia kila siku, umuangalie anavyotoka. Na akikwambia amechoka, muulize mara ya pili.

Uwanja wenu. Wa kunitukana atukane, nastahili. Ila aliyewahi kumkosesha mzazi wake kitu kisichorudi, naomba anambie alifanya nini baadaye. Mie bado sijui.