Salamu za Kijiji cha Mto Nore

Nilivuka bahari kwa ajili ya salamu. Mzee Declan, Mwairishi wa chumba cha jirani katika nyumba yetu ya kupanga hapa Sparkbrook, Uingereza, alisikia nimepata pasipoti na nataka kwenda popote. "Nenda kijijini kwetu, ukingoni mwa mto Nore," akasema macho yakiwa kwenye televisheni. "Ukimwona dada yangu Nuala, msalimie." Kwake yalikuwa maneno ya kuagana tu. Kwetu Tanga salamu ni mzigo, ukikabidhiwa, unaufikisha.

Alfajiri nikapanda treni hadi bandari ya Holyhead, kisha meli ya Dublin. Abiria walilala wamejifunika makoti. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Kutoka Dublin ni mabasi mawili. La pili lilinishusha peke yangu mbele ya daraja la mawe, maji ya rangi ya chai kavu yakipita chini ya matao. Kijiji kizima unakiona hapo: barabara moja, kanisa, baa mbili, jengo la kinu cha nafaka lisilo na paa, kunguru wamejaa ndani. Dereva wa trekta aliniinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nikafurahi. Baadaye niligundua humsalimu kila mtu hivyo.

Nuala nilimkuta akipalilia viazi nyuma ya nyumba yake.

"Mama, Declan anakusalimu."

"Declan gani?"

"Kaka yako."

"Yule ambaye hakuja kumzika mama yetu? Amekutuma wewe, kwani posta imefungwa?"

Kwetu anayeletewa salamu hujibu zimefika, yakaisha. Akavitazama viatu vyangu vilivyolowa. "Ingia unywe chai." Nikasema asante, nimeshiba. Akamimina hivyo hivyo.

Baada ya chai alinitembeza. Niliacha shule mapema, kwa hiyo huuliza kila kitu, naye alijibu kila kitu. Daraja lilijengwa na watawa. Makao yao sasa ni kuta na nyasi. Kinu kilisaga nafaka ya mashamba yote ya jirani, kikafungwa, vijana wakaenda Uingereza kuchimba barabara. Chini ya daraja akagusa pete ya chuma ukutani.

"Hapa ndipo Declan alipokuwa akifunga mashua yake."

Kituoni, basi likikaribia, nikauliza, "Nimwambie zimefika?"

"Mwambie nimezikataa. Azilete mwenyewe."

Njia nzima nilitafuta namna ya kuyalainisha maneno hayo. Sparkbrook nikagonga mlango wa Mzee Declan, nikayasema kama yalivyo. Akazima televisheni.

"Amezikataa," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akauliza, "Basi la kutoka Dublin huondoka saa ngapi?"

Nikamwambia, nikarudi chumbani kwangu. Nimejifunza mengi kuhusu mto ule, lakini lililobaki nami ni hili: anayezikataa salamu zako bado anakungoja. Zangu, kila nikizituma Tanga, hupokewa vizuri na kila mtu.