Shikamoo ya Ufukweni Sur

Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshakufa mara nne. Mara mbili darasani, kwenye hesabu. Mara moja kwa kinyozi. Ya nne kwenye harusi ya dada yangu, mama akaangusha sahani nzima ya biriani. Mimi Said wa Ibra, darasa la kumi na moja, bingwa wa kujiangusha na kujifanya maiti. Mtu mmoja tu sikumfanyia mzaha: Bibi yangu, aliyenilea kwa Kiswahili cha Unguja. Tulimzika mwaka juzi.

Likizo ya kiangazi nilikwenda Sur kwa binamu yangu Khalfan. Alasiri tukacheza mpira ufukweni na rafiki zake. Joto la kwetu Ibra, mbali na bahari, ni kavu. Nikadhani la Sur, penye bahari, ni la watoto. Wenzangu wakisimama kunywa maji, nawacheka, nawaambia sisi wa Ibra ni ngamia. Hewa nzito. Jasho linachuruzika wala halikauki.

Kichwa kikaanza kuuma. Misuli ya miguu ikakakamaa. Kisha nikasikia baridi, vinyweleo vimesimama, na jua liko vilevile. Nikafurahi, nikidhani upepo umekuja. Nikatapika, nikaanguka.

Wakapiga makofi, wakidhani ni mzaha wangu ule ule. Mmoja akarekodi kwa simu.

Yaliyofuata nayajua kwa video ile tu. Niko mchangani, macho yanatazama pasipo mtu, nasema kwa adabu zote, "Shikamoo Bibi. Naja, navaa viatu." Wale hawajui Kiswahili, wanazidi kucheka. Khalfan, ambaye Kiswahili anakijua, anakuja mbio, ananisikia, hacheki.

"Zima simu," anasema kwa Kiarabu. "Huyu anamwamkia marehemu."

Video inaishia hapo; mengine nilisimuliwa. Wakapiga simu kuita gari la wagonjwa. Huku wakinivuta kivulini mwa pikapu ya mvuvi, wakanivua fulana, wakanifunika kwa barafu ya samaki na kunimwagia maji. Daktari alimwambia mama kwamba barafu ile ndiyo iliyoniokoa. Hata hivyo figo ziliumia. Nilikojoa mkojo kama chai ya rangi, nikalala hospitali siku sita. Nesi alilalamika kwamba nanuka jodari.

Namshukuru Mungu, kisha Khalfan, kisha mvuvi ambaye hata jina lake silijui. Nyinyi mnaocheza, ngojeni jua lipungue, na penye unyevu mpunguze mchezo zaidi, maana jasho lisilokauka halipozi mwili. Ukiwa mgeni wa mahali, siku za mwanzo cheza kidogo. Maji unywe kabla ya kiu. Ukishikwa na baridi juani, acha hapohapo na umwambie mtu. Na mchekeshaji wenu akianguka, mpozeni kwanza. Ikiwa ni mzaha, mtampiga baadaye.

Video bado ninayo. Kabla Khalfan hajafika, kuna mahali nanyamaza kama mtu anayesikiliza, kisha naitikia, "Haya, Bibi." Sijui aliniambia nini. Sijajiangusha tena. Na kila nikivaa viatu vya mpira, nafunga kamba polepole, nasikiliza.